Jana, Juzi na Majuzi: Namna ya Kutaja Siku Zilizopita

Hotuba ya leo haina mambo makuu ya dola. Nataka kusema nanyi juu ya maneno machache tuyatumiayo kila siku tunapotaja mambo yaliyopita karibuni: jana, juzi, majuzi, usiku wa kuamkia leo, na mengine ya namna hiyo. Huenda mmoja wenu akasema, "Maneno hayo hata mtoto ayajua, kwa nini tupotezewe wakati?" Namwomba mtu huyo avumilie kidogo. Neno gumu mtu huliuliza, akaelezwa, akapona. Lakini neno jepesi halimwulizi mtu, maana kila mmoja adhani kwamba mwenzake analielewa kama alivyolielewa yeye. Na hapo ndipo kosa huingia kimya kimya, kama mwizi aingiavyo katika nyumba isiyofungwa.

Basi na tuanze kwa mfano. Tufikiri juu ya mama mmoja wa Ipililo, katika wilaya ya Maswa, mkoa wa Simiyu. Simtaji mtu fulani, natoa mfano tu. Nchi ile ni nchi ya Wasukuma, watu wa pamba na mtama na ng'ombe. Mama huyu amemfunga mtoto wake mgongoni, amefika zahanati asubuhi na mapema. Lugha yake ya nyumbani ni Kisukuma. Kiswahili alijifunza shuleni na sokoni, naye akisema vizuri. Tabibu aliyemkuta ni kijana aliyezaliwa pwani. Sikilizeni mazungumzo yao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole kwa safari. Mtoto ana nini?"

"Ana homa, mwanangu. Mwili wote ni moto."

"Homa ilimwanza lini?"

"Juzi."

"Amekwisha kunywa dawa yo yote?"

"Alikunywa."

"Lini?"

"Usiku wa jana."

Tabibu akaandika katika daftari lake: homa siku mbili, dawa jana usiku. Kisha akaendelea na kazi yake. Mama hakusema uwongo hata neno moja, wala tabibu hakufanya uvivu. Hata hivyo yaliyoandikwa katika daftari huenda si kweli hata kidogo. Mama aliposema "juzi" alikuwa na maana ya "si zamani sana", naye moyoni alikuwa akifikiri siku ya mnada, ambayo ilikuwa imepita siku tano. Na aliposema "usiku wa jana" alikuwa na maana ya usiku ule uliotangulia mchana wa jana. Tabibu akadhani ni usiku ule walioamka nao asubuhi hii. Hivyo homa ya siku tano imekuwa homa ya siku mbili, na dawa iliyonywewa usiku wa kwanza imehesabiwa kuwa ya usiku wa pili.

Je, jambo hili ni dogo? Si dogo. Waganga hutuonya kwamba mtoto mdogo akipatwa na homa katika nchi zenye malaria apelekwe kupimwa upesi, kabla saa 24 hazijapita, kwa sababu malaria ya mtoto huweza kugeuka kuwa kali kwa muda mfupi. Tena dawa mseto ya malaria ina hesabu yake: kipimo cha kwanza hunywewa mara, cha pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, jumla vipimo sita katika siku tatu. Asiyejua mtoto alianza usiku gani, atajuaje kwamba kimebaki kipimo kimoja au vimebaki vitatu? Wahenga walisema, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Ni neno la hekima katika ugomvi wa ndugu. Lakini mbele ya tabibu yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe, wala hawezi kuganga yajayo asipoambiwa sawasawa yaliyopita.

Sasa tuyatazame maneno haya moja moja.

Kwanza ni neno "jana". Neno hili halina mashaka mengi: ni siku iliyotangulia leo. Msukuma husema "igolo", Mswahili husema "jana", na maana ni moja. Huunganishwa pia na mwaka: "mwaka jana" ni mwaka uliotangulia mwaka huu. Lakini angalieni, desturi ya lugha haiendi na mwezi wala juma kwa namna hiyo. Twasema "mwezi uliopita" na "juma lililopita".

Pili ni neno "juzi". Neno hili lina nyuso mbili. Uso wa kwanza ni wa hesabu: juzi ni siku iliyotangulia jana, wala si nyingine. Leo ikiwa Alhamisi, jana ilikuwa Jumatano, na juzi ilikuwa Jumanne. Vivyo hivyo "mwaka juzi" ni mwaka uliotangulia mwaka jana. Uso wa pili ni wa mazungumzo: juzi ni siku za karibuni, zisizohesabiwa. Mzee akisema, "Wewe mtoto wa juzi, utanifundisha nini?" hana maana kwamba kijana alizaliwa siku mbili zilizopita. Nyuso zote mbili ni Kiswahili safi, wala siwaambii mwache mmoja. Nawaambia tu mjue ni uso gani mnaouonyesha. Ukitaka kusema siku za karibuni zisizo na hesabu, yako maneno yaliyo wazi zaidi: "majuzi", "juzijuzi", "siku hizi chache", "hivi karibuni". Na ukitaka kutaja siku yenyewe, taja na jina lake: "juzi, Jumanne". Maneno mawili tu, na shaka yote imeondoka.

Tatu ni namna ya kuhesabu siku. Hapa hata watu wenye elimu hukosana. Sisi Waswahili, na makabila mengi ya bara, tukisema "leo siku ya tatu" huihesabu pia siku ile jambo lilipoanza. Mgeni aliyefika Jumatatu, Jumatatu ni siku ya kwanza, Jumanne ya pili, Jumatano ya tatu. Lakini mtu akisema "baada ya siku tatu" kutoka Jumatatu, hesabu yake huishia Alhamisi. Tofauti ni siku moja. Kwa mgeni si neno; atakula ugali siku moja zaidi. Lakini ziko kazi ambazo siku moja ina uzito.

Nitatoa mfano. Mtu akiumwa na mbwa anayedhaniwa kuwa na kichaa, imempasa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja, bila kungoja dalili, maana dalili zikiisha kutokea ugonjwa huo hauna tiba ya kutegemewa. Huko atachomwa sindano zaidi ya moja. Katika ratiba moja iliyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani, siku ya sindano ya kwanza haiitwi siku ya kwanza: huitwa siku ya sifuri. Sindano ya pili huja siku ya 3, ya tatu siku ya 7, na ya nne kati ya siku ya 14 na ya 28. Basi aliyechomwa Jumatatu, siku yake ya 3 ni Alhamisi. Lakini kwa hesabu ya kijijini siku ya tatu ni Jumatano. Atakuja Jumatano, aambiwe si leo. Na huenda amepanda baiskeli mwendo wa nusu siku. Akikata tamaa asirudi tena, ni nani mwenye kosa? Si mgonjwa wala mganga, ila ni ile hesabu isiyoelezwa. Kwa hiyo mganga amwambie mgonjwa jina la siku na tarehe. Na mgonjwa, asipoambiwa, aulize. Kuuliza si ujinga.

Kwa kuwa tumetaja majina ya siku, wanafunzi na wayaangalie vema, maana yana jambo la kuchekesha. Hesabu ya juma letu huanza Jumamosi, yaani siku ya mosi; kisha Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kisha kabla ya Ijumaa imekaa Alhamisi, nalo ni neno la Kiarabu lenye maana ya siku ya tano. Basi juma letu lina siku mbili za tano, moja kwa Kibantu na moja kwa Kiarabu, zikifuatana kama mapacha. Sababu ni kwamba Waarabu huanza kuhesabu Jumapili, na Waswahili Jumamosi, na lugha yetu imezipokea hesabu zote mbili bila ugomvi. Mtoto anayejifunza Kiswahili akichanganya Jumatano na Alhamisi msimpige. Mwelezeni habari hii, naye hatasahau.

Nne, nataka mnisikilize sana, maana hapa ndipo penye mtego mkubwa. Siku huanza lini? Mtaniambia, "Siku huanza asubuhi." Mwingine atasema, "La, huanza usiku wa manane." Na wa tatu atasema, "La, huanza jua likitua." Wote watatu wasema kweli, kila mmoja kwa mlango wake.

Mlango wa kwanza ni wa serikali na wa saa ya simu. Hapo tarehe hubadilika saa sita ya usiku. Mlango wa pili ni wa Waislamu, na wa desturi ya kale ya pwani: jua likiisha kutua, siku mpya imeingia, na usiku hutangulia mchana wake. Ushahidi wake ni mwezi wa Ramadhani. Mwezi ukiandama magharibi, watu husali tarawehe usiku ule ule, ijapokuwa hawajaanza kufunga mpaka alfajiri. Maana usiku ule ni wa siku ya kwanza ya Ramadhani. Kwa hesabu hiyo "usiku wa Ijumaa" ni usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao wengine huuita Alhamisi usiku. Mlango wa tatu ni wa mkulima na mchungaji: kwake siku huanza kunapopambazuka, na usiku ni mkia wa mchana uliopita. Yeye akiamka saa kumi ya usiku kwenda kutazama ng'ombe, kwake bado ni usiku wa jana.

Sasa tufikiri kwamba ng'ombe wawili wameibwa, na shauri limefika barazani. Shahidi wa kwanza asema, "Niliwaona watu hao usiku wa Ijumaa." Shahidi wa pili asema, "Hapana, ilikuwa Alhamisi usiku." Mshtakiwa ashangilia: "Mnaona! Mashahidi hawapatani!" Lakini huenda wamepatana kabisa, wakitaja usiku ule ule kwa milango miwili. Au huenda kweli wametofautiana kwa usiku mzima, na mtu asiye na kosa alikuwa mbali katika usiku mmoja wa hizo mbili. Mwenye kuamua hana budi kuuliza: "Ulikuwa usiku wa kuamkia siku gani?" Swali hilo moja laweza kumwokoa asiye na hatia, au kumkamata mwenye hatia.

Neno hilo "kuamkia" ni lulu ya lugha yetu, nami nawaomba mlitumie. "Usiku wa kuamkia leo" ni usiku ule tulioutoka asubuhi hii, wala hauwezi kuwa mwingine. "Usiku wa kuamkia jana" ni ule uliotangulia. "Usiku wa kuamkia Ijumaa" una maana moja kwa Mwislamu, kwa Mkristo na kwa mwenye dini ya wazee wake. Kwa mtu wa pwani na kwa mtu wa Ipililo. Mama yule wa zahanati angalisema, "Alikunywa dawa usiku wa kuamkia jana," tabibu asingalikosea.

Watu wa Kanda ya Ziwa wana mfano wa huzuni ambao hawajausahau. Meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, na mamia ya watu wakafa. Meli hiyo ilikuwa imeondoka Bukoba jioni ya Jumatatu, tarehe 20. Fikirini ndugu waliokuwa wakiulizana wakati ule: "Alisafiri lini?" Mmoja ajibu, "Jumatatu usiku." Mwingine ajibu, "Usiku wa Jumanne." Safari ni moja, meli ni moja, usiku ni mmoja, lakini mwenye roho juu angesikia siku mbili, akadhani labda ndugu yake alipanda chombo kingine. Katika siku ya msiba neno lililo wazi ni sehemu ya rehema.

Tano ni saa. Mnajua kwamba sisi huhesabu saa tangu jua kuchomoza na tangu jua kutua. Saa moja ya asubuhi ni ile ambayo saa ya simu huandika 07:00. Saa tatu ya usiku ni 21:00. Saa nane ya usiku ni 02:00. Hesabu hii yatufaa, maana nchi yetu iko karibu na mstari wa ikweta. Maswa ni kama digrii 3 tu kusini yake, na mchana na usiku karibu hulingana mwaka mzima. Lakini angalieni jambo hili: ile saa nane ya usiku mtu huiita "jana usiku", na simu yake imekwisha kuandika tarehe ya leo. Basi ukitaja saa, taja na sehemu ya siku: alfajiri, asubuhi, adhuhuri, alasiri, jioni, usiku, usiku wa manane. "Saa nane" peke yake ni nusu ya habari.

Sita, tuje kwenye vitenzi, maana wakati haumo katika majina ya siku tu. Ninyi msemao Kisukuma mna mali ambayo Kiswahili hakina. Katika lugha yenu kitenzi chenyewe hutenganisha jambo lililotendeka karibuni na lililotendeka siku nyingi. Msikiaji hujua umbali wake kabla hujataja siku. Kiswahili hakifanyi hivyo. Ile "-li-" yetu ni blanketi moja lifunikalo wote. "Baba aliuza ng'ombe": aliuza leo asubuhi? Aliuza mwaka jana? Au aliuza kabla ya Uhuru wa mwaka 1961? Kitenzi hakisemi. Ndiyo sababu Kiswahili kinayahitaji sana maneno haya ya siku, nayo hubeba mzigo ambao katika lugha yenu hubebwa na kitenzi. Mwanafunzi Msukuma akiliacha neno la siku kwa kudhani kwamba kitenzi kimekwisha kusema, msikiaji amebaki gizani.

Lakini Kiswahili nacho kina mali yake. Angalieni tofauti ya "alikunywa dawa" na "amekunywa dawa". La kwanza latuambia kwamba tendo lilifanyika katika wakati uliopita. La pili latuambia kwamba tendo limekwisha na hali yake ingalipo: dawa imo tumboni sasa. Tena angalieni "hakunywa" na "hajanywa". "Hakunywa dawa" maana yake wakati wa kunywa ulipita naye hakunywa. "Hajanywa dawa" maana yake mpaka sasa bado, lakini mlango uko wazi. Bibi akiulizwa, "Mtoto amekunywa dawa ya jioni?" akajibu "Hajanywa," ataletewa maji na dawa. Akijibu "Hakunywa," itambidi aulizwe: "Kwa nini? Aliitapika? Au ilikuwa imekwisha?" Herufi chache zimebadilika, na kazi ya wauguzi imebadilika pia.

Iko pia "-ka-", ambayo ni kamba ya kufungia mambo kwa taratibu yake. "Jana jioni alikula, akatapika, akalala, usiku wa manane akaamka na homa." Msikiaji amejua lipi lilitangulia na lipi lilifuata. Ukitaka kutoa habari iliyo nyofu, taja siku mara moja mwanzoni, tumia "-li-" mara moja, kisha uifuate njia kwa "-ka-" mpaka mwisho, bila kurudi nyuma.

Saba, na la mwisho, ni juu ya barua na habari zinazotumwa mbali. Neno "jana" halikai mahali pamoja. Leo ni Jumatano, na jana ni Jumanne. Kesho neno hilo hilo litahamia Jumatano. Mtu akisema nawe uso kwa uso hapana neno, maana nyote mko katika siku moja. Lakini akiandika, "Babu alifariki jana," na maandishi hayo yakafika au yakasomwa baada ya siku tatu, jana ile imekwisha potea. Aliye Mwanza atafunga safari akidhani maziko bado; atafika akute kaburi limekauka. Basi katika maandishi andikeni tarehe: "Babu alifariki Jumanne, tarehe 4, alasiri." Na mkisimulia jambo la zamani, msiseme "jana" kwa siku iliyoitangulia; semeni "jana yake", au "siku iliyotangulia". Mfano: "Mvua ilinyesha siku ya arusi; jana yake palikuwa na jua kali."

Vivyo hivyo jihadharini na "Jumatatu iliyopita". Leo ikiwa Alhamisi, mmoja ataelewa Jumatatu ya juma hili, na mwingine Jumatatu ya juma lililopita. Mkulima aliyepeleka pamba kwenye mizani "Jumatatu iliyopita" na asipate malipo yake, atakapodai haki yake ataulizwa tarehe. Akiwa ameitunza stakabadhi yenye tarehe, amekwisha. Akiwa hana ila maneno ya kinywa, atabishana mpaka jioni.

Sasa nanyi wanafunzi, tufanye jaribio dogo kabla ya kuagana. Jibuni kwanza ninyi wenyewe, ndipo mtazame majibu yangu.

Swali la kwanza. Leo ni Ijumaa, tarehe 12, saa mbili ya asubuhi. Mtoto alianza homa usiku wa kuamkia juzi, saa nane. Alianza siku gani, na muda gani umepita? Jibu: juzi ni Jumatano, tarehe 10. Usiku wa kuamkia Jumatano, saa nane, simu huandika tarehe 10, saa 02:00. Wengine watauita Jumanne usiku. Tangu hapo hata sasa zimepita saa 54. Mtoto huyo amecheleweshwa. Apelekwe mara moja.

Swali la pili. Mtu aliumwa na mbwa Jumamosi, akachomwa sindano siku iyo hiyo. Sindano yake ya siku ya 3 ni lini, na ya siku ya 7 ni lini? Jibu: Jumamosi ni sifuri, siku ya 3 ni Jumanne, na siku ya 7 ni Jumamosi inayofuata. Aliyejibu Jumatatu amehesabu kwa desturi ya kijijini. Hesabu yake si ya ujinga, lakini si hesabu ya sindano.

Swali la tatu. Barua ya tarehe 3 yasema, "Mjomba alifika juzi." Nawe umeisoma tarehe 9. Mjomba alifika lini? Jibu: tarehe 1, kwa maana juzi ya barua huhesabiwa kutoka siku ya kuandikwa, si ya kusomwa. Na kama mwandishi alitumia ule uso wa pili wa "juzi", basi hatujui siku ile hata kidogo. Nasi tumwandikie tumwulize.

Wasikilizaji wapenzi, nawarudisha kwa mama yule wa Ipililo. Tabibu hakuridhika na daftari lake. Aliiweka kalamu chini, akauliza mara ya pili, kwa upole:

"Mama, samahani. Hiyo juzi ni siku gani ya juma?"

Mama akafikiri, akahesabu kwa vidole. "Ilikuwa siku ya mnada, mwanangu. Jumamosi."

"Na usiku ule wa dawa, ulikuwa wa kuamkia siku gani?"

"Wa kuamkia jana. Jana asubuhi na jioni hakunywa, maana tulidhani amepona."

Tabibu akakata maandishi ya kwanza, akaandika mapya, akampima mtoto kama homa ya siku tano inavyostahili kupimwa. Maswali mawili tu yaliongezwa, nayo hayakuchukua hata dakika moja. Wala hakuna aliyeaibishwa: mama hakuambiwa kwamba hajui Kiswahili, maana anakijua, wala tabibu hakujifanya kwamba amesikia ambalo hakulisikia.

Basi nami naomba tuige mfano huo. Aulizwaye aseme jina la siku, na usiku aseme ni wa kuamkia lini. Aulizaye asione haya kuuliza mara ya pili. Wazazi wafundisheni watoto wenu jioni mkiota moto: leo siku gani, jana ilikuwa gani, juzi ilikuwa gani, mwezi ni tarehe ngapi. Ni mchezo usiogharimu kitu, na iko siku utamfaa mtoto huyo mbele ya tabibu, mbele ya baraza, au mbele ya mizani.

Nawatakia usiku mwema, huu wa kuamkia kesho. Kwaherini.